Aliyesimama Kwenye Chenga

Moriyuki alikuwa mtu wa kuchukia madoa, na mtaa mzima ulimcheka kwa hilo. Lakini nani amlaumu? Miaka ishirini na sita alikuwa kwenye kiwanda cha fremu za madirisha hapa Shinminato, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea fremu ya alumini, kuigeuza chini ya taa, kutafuta mkwaruzo. Mtu akifanya kazi hiyo miaka yote hiyo, macho yake hayapumziki tena. Akikaa kula, anaona punje ya wali iliyoanguka kwenye mkeka. Akiwasha televisheni, wenzake wanaangalia mieleka, yeye anaangalia chenga, zile nukta zinazocheza juu ya picha.

Ndiyo maana aliponunua kompyuta hakununua kwa ajili ya barua wala michezo. Aliinunua kwa ajili ya kanda za video. Alikuwa anachomeka deki kwenye kompyuta, anainasa kanda nzima, halafu anaibana iwe faili dogo la kuingia kwenye diski. Kabla ya kuibana, aliipitisha kwenye vichujio vya kuondoa chenga, na hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Anaweka kichujio kimoja, anaongeza cha pili, anaongeza cha tatu, na mashine inaunguruma kutwa nzima kwa kanda ya dakika kumi na tano. Mkewe, Kinue, alikuwa akifunika sufuria la wali kwa taulo huku akisema chumba hicho sasa kina joto kuliko jiko.

"Chenga ni mzigo," Moriyuki alimweleza Bibi Urano wa nyumba ya pili, siku aliyoleta kanda ya sherehe yake ya kutimiza miaka sabini. "Kompyuta haijui kama chenga ni takataka. Inazihifadhi moja moja kama dhahabu, faili linavimba. Sasa hiki kichujio changu kinachukua picha hii, kinailinganisha na iliyotangulia na inayofuata. Kitu kikikaa palepale, kinakiamini. Kikirukaruka, kinasema huu uchafu, kinafuta."

"Basi marehemu mume wangu asingefutwa," Bibi Urano akasema. "Yule akishakaa amekaa."

Diski ilipokuwa tayari, Bibi Urano alijiona hana mkunjo hata mmoja usoni. Alileta figili nene tatu na kutangaza mtaani kote kwamba mashine ya Moriyuki inazishinda krimu zote za dukani. Mara nyingine kijana wa zimamoto alileta kanda ya gwaride lao la Januari, na Moriyuki akaisafisha hadi theluji yote ikapotea. Watu wazima wakaonekana wanatembea na miavuli, wanajikung'uta mabega, juu hakuna kinachoanguka. Kinue alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Chinami," alisema, akimwita kwa jina la binti yao kama alivyozoea, "umefuta theluji ya mkoa mzima wa Toyama!"

Kanda moja tu haikuguswa miaka yote hiyo, nayo ilikuwa ya harusi yao wenyewe. Kinue hakutaka hata itajwe.

Kisa chake mtaa ulikijua. Kinue alizaliwa Gokayama, juu milimani, kwa Mzee Heikichi mtengeneza tofu. Tofu ya kule ni ngumu, unaweza kuifunga kamba ukaibeba njiani, na watu husema siri yake ni maji ya kisima. Heikichi hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na mabinti wawili, Kinue na mdogo wake Tamie. Kinue, mkubwa, ndiye aliyetakiwa kumleta mume ndani, mume achukue jina la ukoo na kurithi duka. Badala yake akampenda kijana wa fremu za madirisha, mtoto wa pekee, asiyeweza kuacha jina la kwao. Moriyuki alikwenda kuomba ruhusa. Alipiga magoti saa mbili kwenye sakafu ya duka iliyolowa, kichwa chini, na muda wote huo hakuona kitu ila mabuti meupe ya mpira ya Heikichi yakipita mbele yake, yakirudi, yakipita. Mzee hakumjibu neno. Kwenye harusi hakuja, na tangu hapo baba na binti hawakuonana kwa miaka kumi na tisa.

Basi Jumanne moja ya Novemba, mwaka 2004, simu ikalia. Alikuwa Tamie. Kinue alisikiliza akiwa amesimama, kisu cha kumenyea magimbi bado mkononi.

"Dada, ni baba. Madaktari wanasema ni siku tu. Wiki haifiki."

"Pole kwa kumuuguza."

"Dada, njoo."

"Siku yangu hakuja. Na mimi siku yake siendi." Akakata simu, akarudi kwenye magimbi yake.

Moriyuki alikuwa mezani. Alijua inampasa kusema kitu, na alichosema ni kile alichokuwa akikisema kila mwaka. "Lakini Mama Chinami, hata kama hakuja, si alituma maji?"

Kinue aliinua uso akamtazama. Alimtazama muda mrefu mno, mpaka Moriyuki akajikuta anahesabu magimbi kwenye beseni. Kisha akainama, akaendelea kumenya.

Hayo maji lazima niyaeleze, maana ndiyo yaliyokuwa yakimla Moriyuki ndani kwa ndani. Huku kwetu bibi harusi haingii nyumba ya mumewe hivihivi. Mlangoni mshenga hushika makopo mawili ya mwanzi. Moja lina maji ya kwao bibi harusi, la pili maji ya kwao bwana harusi. Huyamimina pamoja kwenye kibakuli cha udongo, bibi harusi akanywa, kisha kibakuli kinapigwa chini kivunjike, ili asitamani kurudi alikotoka. Siku ya harusi yao saa iliyopangwa ilikuwa saa saba mchana. Saa saba ikafika, maji ya Gokayama hayajafika. Saa saba na dakika ishirini, mvua ya barafu inanyesha, wageni wamejikunyata, mshenga anaangalia saa. Mama yake Moriyuki akamvuta mkono hadi jikoni. "Hawaleti hao," akamwambia. "Jaza yote mawili. Maji ni maji." Na Moriyuki, kwa mkono wake mwenyewe, akafungua bomba akajaza makopo yote mawili. Kisha akaenda akamnong'oneza bibi harusi wake: "Baba yako ametuma maji."

Alidhani anamfuta machozi. Mama yake alikufa na siri hiyo, na Moriyuki akabaki nayo peke yake. Sasa baba mkwe anakufa, na Kinue hataki kwenda.

Wazo lililomjia ni la mtu wa fremu za madirisha. Alifikiri kanda ile ikisafishwa vizuri, Kinue akajiona bibi harusi, akaona uso wake wa siku ile, moyo utalainika, atakwenda. Mtu mwingine angekaa na mkewe wakazungumza. Huyu aliwasha kompyuta!

Kanda ilikuwa mbaya. Baba mdogo wa Moriyuki ndiye aliyepiga, kwa kamera ya kuazima, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa na baridi yabisi aliisimamisha kamera kwenye miguu mitatu ndani ya nyumba, ikitazama mlangoni, akaiacha hapo. Ndani giza, nje mawingu, na juu ya yote chenga nyekundu na kijani zimejaa kama nzi. Moriyuki aliinasa usiku wa Jumanne akalala. Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipanga vichujio vyake. Kile kikali, cha kulinganisha picha na picha, huwa anakiweka nne. Siku hiyo alikuwa na haraka, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akaandika arobaini. Hakuangalia mara mbili, yeye mwenye kuangalia kila kitu mara tatu. Akabonyeza, akatoka mbio.

Alirudi saa kumi na moja na nusu jioni. Kinue alikuwa bado kwenye kazi yake ya kusaga samaki. Mashine ilikuwa imemaliza na imenyamaza. Moriyuki alivua koti, akakaa, akafungua faili, na akapiga kelele.

Watu hawakuwapo! Mlango upo, kabati la viatu lipo, mbao za sakafu zinaonekana hadi mishipa yake, safi kuliko alivyowahi kuona kanda yoyote. Lakini wageni walikuwa moshi. Mshenga alikuwa ukungu mweusi usio na mikono. Kinue wake, bibi harusi, alikuwa doa jeupe linaloelea mlangoni, halina uso. Kila kilichojongea kilikuwa kimefutwa. Moriyuki alishika kichwa. Arobaini! Alikwishaweka mkono kwenye kipanya afunge, aanze upya, ndipo macho yake, yale macho ya kutafuta mikwaruzo, yakaona kitu pasipotakiwa kuwa na kitu.

Nje ya mlango, ng'ambo ya barabara, chini ya upenu wa ghala la mchele la jirani, palikuwa na mtu.

Aliisogelea skrini. Mtu huyo hakuwa moshi. Alikuwa ametulia, amekamilika, mweusi juu na mweupe miguuni. Moriyuki alirudisha nyuma, akapeleka mbele. Dakika ya pili yupo. Ya tatu yupo. Wageni wote wanayeyuka wakipita, yeye hatikisiki. Amevaa kimono cheusi cha sherehe, chenye alama ya ukoo kifuani, na miguuni amevaa mabuti meupe ya mpira. Mikono yote miwili ameikusanya kifuani, na ndani ya mikono hiyo kuna kopo la mwanzi lililofungwa uzi mwekundu na mweupe.

Yale mabuti aliyajua. Aliyatazama saa mbili akiwa amepiga magoti.

Akafungua kanda ile isiyosafishwa, akaenda dakika ileile. Palepale chini ya upenu palikuwa na chenga tu, zinacheza, huoni mtu wala kivuli. Miaka kumi na tisa ndivyo ilivyokuwa. Akarudi kwenye ile ya arobaini. Heikichi yupo. Wote waliorukaruka siku ile, mashine iliwahesabu uchafu. Aliyesimama kimya kwenye mvua ya barafu ndiye iliyemwamini.

Polepole, jambo zima likamwingia. Mzee alikuja. Alichelewa, barabara ya milimani ilikuwa na barafu, lakini alikuja mwenyewe na maji ya kisima chake mkononi. Alipofika ng'ambo ya barabara aliona nini? Aliona mshenga mlangoni na makopo mawili. Mawili! Akaona yanamiminwa. Akaelewa kwamba nyumba hii haikumngoja wala haina haja na maji yake. Katika dakika ya tano ya kanda, ule moshi mweusi wa mshenga unainama, kibakuli kinavunjwa. Katika dakika ya sita, chini ya upenu hakuna mtu.

"Mimi," Moriyuki alisema kwa sauti, peke yake chumbani. "Ni mimi."

Na hapa sitamficha, kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha aliponisimulia. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta. Hakuna aliyejua. Angeweza kuweka nne, kama kawaida, akaibana upya, na mzee angerudi kwenye chenga zake milele. Kinue angeuona uso wake wa usichana, pengine angekwenda hospitali, pengine asingekwenda, na mume angebaki mume mwema aliyeleta habari njema siku ya harusi. Kidole kilikaa hapo. Kisha akasikia baiskeli ya Kinue ikiegeshwa ukutani.

Hakufuta. Aliita, na sauti ikamtoka ya ajabu kiasi kwamba Kinue aliingia na viatu hadi kwenye mkeka.

"Kuna nini? Chinami?"

"Si Chinami. Kaa. Tazama."

"Nimekwambia kanda hiyo sitaki kui—"

"Usimtazame bibi harusi. Tazama nje, chini ya upenu."

Kinue alitazama. Mwanzo alikunja uso kwa ule moshi. Kisha mdomo ukabaki wazi. Mkono wake ulinyooka wenyewe, kidole kikagusa kioo pale penye mabuti.

"Baba," alisema.

"Ndiye."

"Baba na mabuti ya dukani." Alicheka mara moja, kicheko kibaya kilichokatika katikati. "Na kimono cha sherehe. Ameshika nini?"

"Maji," Moriyuki alisema. Akateremka kitini, akapiga magoti, kichwa chini kama kule dukani. Akasema yote: saa saba na dakika ishirini, mama yake, jikoni, bomba, makopo mawili. "Nilikudanganya. Yote yalikuwa maji ya bomba letu. Baba yako alipofika akakuta tumeshajaza nafasi yake. Nimekunyima baba miaka kumi na tisa."

Alingoja kofi. Alingoja kelele. Alichosikia kilimshtua kuliko yote ya jioni ile.

"Nilijua," Kinue alisema.

Moriyuki akainua kichwa.

"Nilijua tangu funda la kwanza. Mimi ni mtoto wa mtengeneza tofu, wewe bwana. Maji ya kisima kile nimeyanywa tangu sina meno. Ulidhani ulimi wangu ungedanganyika na bomba la Shinminato? Lile lina ladha ya msumari!" Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayafuti. "Nikasema, kumbe baba amekataa hata maji. Hata maji! Na mume wangu, maskini, amejaza ya bomba ili nisiaibike mbele ya watu. Nikakunyamazia kwa wema huo. Kila ukisema 'si alituma maji', nakuonea huruma wewe, namchukia yeye."

Wakatazamana, yeye chini, mkewe juu. Miaka kumi na tisa mtu anailinda siri ambayo mwenzake aliijua siku ya kwanza, na siri yenyewe si hiyo.

Kinue ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alikwenda jikoni, na Moriyuki akasikia bomba likifunguliwa. Alirudi na chupa ya chai, kifuniko kimekazwa.

"Bado nina hasira na wewe," alisema. "Nitakuwa nayo muda mrefu, jiandae. Sasa washa gari."

Walifika hospitali ya chini ya milima saa mbili kasorobo, bado dakika kumi na tano kabla wageni hawajatolewa. Tamie alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda. Alipomwona dada yake alisimama, akamsogezea kiti. Heikichi alikuwa amebaki mfupa na pua. Macho yalikuwa wazi.

Moriyuki hakuingia. Alisimama mlangoni, nje ya mstari wa mlango kabisa, mikono kifuani.

"Anakunywa?" Kinue aliuliza.

"Kidogo. Ya hospitali hataki, anayatema. Kila siku namletea ya kisimani." Tamie alionyesha jagi dogo kando ya kitanda.

Kinue alichukua kikombe cha mgonjwa, kile chenye mdomo mrefu. Akamimina nusu kutoka kwenye jagi. Kisha akafungua chupa yake ya chai, akajaza nusu iliyobaki. Tamie alielewa, akaziba mdomo kwa mkono.

"Siku ya harusi yako alirudi amelowa chepechepe," Tamie alinong'ona. "Akasema alikwenda kupeleka oda. Kwa kimono, dada! Sikuthubutu kuuliza."

Kinue aliinua kichwa cha baba yake, akampa. Mzee alivuta funda moja. Hakulimeza. Alilizungusha mdomoni taratibu, kama alivyofanya kila alfajiri kwa miaka sitini kabla ya kuloweka soya. Kisha akameza.

"Ya kwetu," alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi. Akangoja. "Na ya pwani. Yana msumari."

"Ndiyo, baba."

"Unayanywa hayo kila siku?"

"Kila siku, baba." Kinue alishindwa kujizuia, paji la uso likaanguka kwenye shuka. "Baba, tumekuona. Kwenye kanda. Umesimama chini ya upenu na kopo lako. Kwa nini hukuingia?"

Tamie alikuwa analia waziwazi.

"Nilidhani nimejificha vizuri," Heikichi alisema. "Mlikuwa mmeshamimina."

Aliomba kikombe tena kwa kidole, akavuta funda la pili, akalimeza moja kwa moja. Kisha macho yake yakampita Kinue, yakampita Tamie, yakaenda hadi mlangoni na kutulia hapo. Moriyuki alitaka kuinama, akasahau mtu huinama vipi.

"Na yule aliyesimama nje," mzee alisema, "mwambieni aingie. Huko kuna baridi."